Ratiba ya Marudio ya Kemia Kidato cha Nne: Anzia Kwenye Pepa, Siyo Kwenye Daftari

Mwanafunzi wa kidato cha nne akiamua kupiga msuli wa Kemia, mara nyingi hufungua daftari la kidato cha kwanza, ukurasa wa kwanza. Anasoma maana ya Kemia, anasoma vifaa vya maabara, anasoma aina za miali ya moto. Wiki tatu baadaye yuko kwenye hidrojeni, Novemba inapiga hodi, na moli (kizio cha kupimia kiasi cha kemikali) bado hajaigusa. Huyu si mvivu. Ratiba yake ndiyo imempa muda mwingi kwenye topiki rahisi na kumnyima kwenye zile nzito.

Mwongozo huu unapanga kinyume chake: unaanza na mtihani wenyewe wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), kisha unarudi nyuma hadi kwenye daftari. Nimechukulia kwamba unaanza katikati ya Agosti, yaani una wiki kumi na mbili hivi mkononi. Kama umechelewa, fupisha kila hatua, lakini mfuatano wake usiugeuze.

Hatua ya kwanza: ijue pepa unayoisomea

Kemia ya kidato cha nne ina pepa mbili. Nadharia (032/1) ni ya saa tatu na alama 100. Vitendo (032/2) ni saa mbili na nusu, alama 50. Kwa fomati ya miaka ya karibuni, nadharia ina maswali kumi na moja. Sehemu A ina alama 16: vipengele kumi vya kuchagua na sita vya kuoanisha. Sehemu B ina maswali sita ya alama 9 kila moja, jumla 54, na yote unajibu. Sehemu C ina maswali matatu, unajibu mawili, kila moja alama 15. Kwenye vitendo kuna maswali mawili ya alama 25 kila moja. La kwanza ni taitresheni, yaani kupima ukali wa myeyusho kwa kuudondoshea mwingine. La pili ni uchambuzi wa chumvi au kasi ya mmenyuko.

Nenda kwenye tovuti ya NECTA ukapakue fomati hiyo mwenyewe, usitegemee ya kusimuliwa. Ukiwa huko, pakua pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa za miaka mitatu au minne iliyopita. Ni bure. Humo swali linachambuliwa moja moja: watahiniwa walikosea wapi, na mara nyingi kuna picha ya jibu zuri na jibu baya lililoandikwa kwa mkono. Sioni kitabu cha tuisheni kinachoweza kushindana na hizo taarifa, na bado wanafunzi wengi wanamaliza shule hawajafungua hata moja.

Sasa angalia hesabu. Vitendo vina alama 50 kati ya 150 za pepa zote mbili, yaani theluthi. Ratiba isiyo na siku ya maabara imeitupa theluthi hiyo kabla mtihani haujafika.

Hatua ya pili: fanya pepa moja kabla hujajiandaa

Chukua pepa ya nadharia ya mwaka jana au juzi. Kaa saa tatu, simu ikiwa kwa mtu mwingine, bila daftari. Itauma, na ndivyo inavyotakiwa. Sahihisha kwa kalamu nyekundu, au mpe mwalimu akusahihishie.

Alama uliyopata isikusumbue sana. Unachotafuta ni aina ya kosa. Kwa kila swali ulilokosa andika pembeni herufi moja: S kama hukusoma kabisa topiki hiyo, K kama uliisoma ukaisahau, H kama ulijua lakini hesabu ikakushinda, na M kama ulijua ila maelezo hayakutosheleza swali. Haya ni magonjwa manne tofauti. Mwenye H nyingi hatapona kwa kusoma noti, anahitaji kusolvu. Mwenye M nyingi anajua Kemia yake, tatizo ni kwamba swali linasema eleza naye anataja tu. Kumbuka pia kwamba mtihani ni wa Kiingereza: jadilianeni kwa Kiswahili kwenye diskasheni mpaka jambo lieleweke, lakini jibu la mwisho liandike kwa Kiingereza, sentensi kamili, kila mara. Usisubiri chumba cha mtihani ndipo uanze kuunda sentensi.

Hatua ya tatu: panga topiki kwa jinsi zinavyotegemeana

Kuna mnyororo mmoja ndani ya silabasi ambao ukikatika popote, kila kinachofuata kinaanguka: fomula na vifungo vya kemikali, kisha milinganyo, kisha moli, kisha taitresheni, kisha hesabu za elektrolisisi. Huwezi kukokotoa moli kwa mlinganyo usiobalansi, na huwezi kubalansi mlinganyo wenye fomula ya uongo. Ukiandika kloridi ya kalsiamu kama CaCl badala ya CaCl₂, hesabu nzima imeharibika hata kama kikokotozi chako ni kizima.

Mnyororo huu ndio unatangulia kwenye ratiba, hata kama umekuwa ukiukwepa tangu kidato cha tatu. Hasa kama umekuwa ukiukwepa.

Kundi la pili ni topiki zinazohitaji uelewa na kumbukumbu kwa pamoja: asidi, besi na chumvi, kasi ya mmenyuko na mizania yake, elektrolisisi, uchenjuaji wa metali, zisizo metali na misombo yake, Kemia ya kaboni. Kundi la tatu ni zile za kusoma jioni moja au mbili: maabara na usalama, hewa na kutu, nishati ya mafuta, ugumu wa maji, udongo, uchafuzi wa mazingira. Hizi zina alama za bure hasa Sehemu A, kwa hiyo usiziache, ila zikae mwisho.

Hatua ya nne: gawa wiki

Wiki ya kwanza ni ya pepa ya majaribio na kukusanya vifaa. Wiki ya pili hadi ya nne, mnyororo wa moli. Ya tano na ya sita, elektrolisisi, kasi ya mmenyuko na asidi. Ya saba na ya nane, zisizo metali, metali na Kemia ya kaboni. Ya tisa, kundi la tatu lote. Ya kumi hadi ya kumi na mbili, pepa nzima nzima. Jumamosi zote ni za vitendo, kuanzia ile ya kwanza.

Kwa wiki, Kemia ipewe vipindi vinne vya saa moja pamoja na hiyo Jumamosi. Usiipe zaidi, maana una masomo mengine saba au nane, na Fizikia nayo inadai haki yake. Aliye bweni atumie prepo, muda wa kujisomea. Anayekwenda na kurudi kwa daladala, akifika nyumbani akiwa hoi na kazi za jikoni zikimngoja, ajaribu alfajiri. Saa moja ya saa kumi na moja asubuhi inazidi saa mbili za usiku za kusinzia juu ya kitabu.

Kila kipindi kiwe hivi: dakika kumi za kwanza, daftari limefungwa, andika kwenye karatasi tupu yote unayokumbuka kuhusu topiki. Dakika kama tano fungua, uone ulichosahau. Dakika thelathini na tano solvu maswali ya pepa zilizopita ya topiki hiyo tu. Kumi za mwisho sahihisha, na swali ulilokosa lihamishie kwenye daftari la makosa pamoja na tarehe. Swali hilo lirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Ukilipata mara zote tatu, lipigie mstari. Kusoma noti zile zile mara tano na kuzipaka rangi za manjano kunakupa hisia kwamba unajua. Karatasi tupu haidanganyi.

Wiki za moli: hapa pana alama nyingi kuliko unavyodhani

Chukua swali la kawaida kabisa. Gramu 1.325 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji zimeyeyushwa kutengeneza sm³ 250 za myeyusho. Sm³ 25 za myeyusho huo zimetumia sm³ 20 za asidi ya HCl. Tafuta molariti ya asidi, yaani moli zake kwa dm³ moja (sm³ 1000).

Wengi hugawanya 1.325 kwa 106 (uzito wa moli moja ya Na₂CO₃), wakapata 0.0125 na kuandika kuwa hiyo ndiyo molariti. Sivyo. Hizo ni moli zilizomo kwenye sm³ 250. Kwa sm³ 1000 zidisha mara nne: 0.05M. Sasa sm³ 25 zina moli 0.05 × 25 ÷ 1000, yaani 0.00125. Rudi kwenye mlinganyo: Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂. Moli moja ya kaboneti inataka mbili za asidi, kwa hiyo asidi ni moli 0.0025. Zimo kwenye sm³ 20, basi molariti ni 0.0025 ÷ 0.020 = 0.125M. Aliyesahau ile 2 atapata 0.0625M, na atashangaa mbona kafuata kila kitu.

Maswali mengi ya taitresheni ni ndugu wa swali hili. Mara utaombwa usafi wa sampuli kwa asilimia, mara uzito wa elementi isiyojulikana, mara idadi ya maji kwenye fuwele. Kwa mfano, gramu 14.3 za Na₂CO₃.xH₂O kwa dm³ moja zikitoa 0.05M, moli moja ina gramu 286. Toa 106, gawanya kwa 18, x ni 10. Solvu ndugu wote hawa mpaka uwatambue kwa sauti. Ukifika hapo, elektrolisisi inakuwa hesabu ile ile imevaa nguo nyingine: ampea 0.5 kwa sekunde 1930 ni kulombu 965, yaani faradei 0.01 (faradei moja ni kulombu 96,500), shaba inataka elektroni mbili, kwa hiyo moli 0.005, sawa na gramu 0.32 hivi.

Usipoteze nguvu kukariri thamani zinazotolewa kwenye pepa. Mwanzoni mwa mtihani huwa wanakupa uzito wa atomu unaohitajika, namba ya Avogadro, sm³ au dm³ za gesi kwa moli (dm³ 22.4 kwenye hali sanifu) na thamani ya faradei, kulombu 96,500. Ambacho hawakupi ni jedwali la elementi. Zile ishirini za kwanza, mpangilio wake wa elektroni na valensi zake, ziwe kichwani kabla ya wiki ya pili kuisha.

Kwa mtoto wa mkulima kuna njia nzuri ya kujipima. Tazama mfuko wa urea nyumbani: umeandikwa naitrojeni asilimia 46. Hesabu mwenyewe. CO(NH₂)₂ ni 60, naitrojeni ndani yake 28, unapata 46.7. Mfuko wa SA (salfeti ya amonia) umeandikwa 21. (NH₄)₂SO₄ ni 132, gawanya 28 kwake. Topiki ya udongo na topiki ya moli zimekutana shambani.

Jumamosi za vitendo

Mwombeni mwalimu wa Kemia mapema, kama kikundi, siyo mtu mmoja mmoja. Kikundi cha watu wanne au watano kinatosha. Wakizidi, wawili watashika bureti na wengine watapiga soga. Kila mmoja afanye taitresheni yake kwa mikono yake. Kusimama nyuma ukitazama mwenzako hakukufundishi kuzuia tone la mwisho.

Mambo yanayopoteza alama kwenye taitresheni yanajulikana. Kusoma bureti kwa jicho lililo juu au chini ya mstari. Kuandika 20.1 badala ya 20.10, jedwali linataka desimali mbili. Kujaza kwa faneli na kuisahau juu ya bureti, ikaendelea kudondosha. Kuweka matone kumi ya kiashiria pale yanapotosha mawili au matatu. Kukokotoa wastani kwa kuchanganya na jaribio la kwanza la kukisia. Na kuchagua kiashiria kibaya: asidi kali na besi hafifu, kama kaboneti, tumia MO (methyl orange), asidi hafifu na besi kali tumia POP (phenolphthalein), zote mbili kali, chochote kati ya hivyo.

Uchambuzi wa chumvi unataka jedwali la safu tatu: jaribio, kilichoonekana, hitimisho. Tengeneza jedwali lako kubwa la ukutani la ayoni za kawaida. Shaba(II) na NaOH: mashapo ya bluu, na amonia ya ziada yanayeyuka kuwa bluu iliyokolea. Chuma(II): mashapo ya kijani. Chuma(III): ya kahawia nyekundu. Zinki: meupe, yanayeyuka kwenye NaOH ya ziada na kwenye amonia ya ziada pia. Risasi: meupe, yanayeyuka kwenye NaOH ya ziada lakini siyo kwenye amonia, na ukiongeza KI (iodidi ya potasiamu) unapata mashapo ya njano. Kalsiamu: meupe, hayayeyuki kwenye NaOH ya ziada. Hapo ndipo zinki, risasi na kalsiamu zinapotofautiana, na hapo ndipo wanaokariri nusu nusu wanapochanganya.

Andika ulichokiona, siyo ulichokitarajia. Na usiandike "nyeupe" peke yake. Ni mashapo meupe. Myeyusho usio na rangi na myeyusho unaopitisha mwanga ni vitu viwili: wa shaba unapitisha mwanga na bado ni wa bluu.

Kwenye kasi ya mmenyuko, jaribio lililozoeleka ni thaiosalfeti ya sodiamu na asidi ya HCl: salfa inajitenga, myeyusho unakuwa na ukungu, alama ya X uliyochora chini ya bika inapotea. Mtu mmoja ndiye atazame X kwa majaribio yote ya seti moja, kwa sababu macho yanatofautiana. Fanya mazoezi ya kuchora grafu ya 1/t (t ni muda wa X kupotea) kwa kuchagua skeli inayojaza karatasi, kuweka vizio kwenye mihimili, na kuchora mstari unaopita katikati ya nukta badala ya kuunga nukta kwa nukta.

Shule yenye maabara duni? Bado kuna la kufanya. Chora skeli za bureti kwenye karatasi na mpeane kusoma. Chukua data za taitresheni kutoka pepa zilizopita na mkokotoe. Jaza safu za kilichoonekana na hitimisho kwa kumbukumbu. Anayerisiti awahi kituoni kuulizia mazoezi ya maabara mapema, siyo wiki ya mtihani.

Kemia ya kaboni na zisizo metali

Kwa Kemia ya kaboni, kazi ni tatu tu: kutaja majina kwa mfumo wa kimataifa wa IUPAC, kuchora isoma (misombo yenye fomula moja ila miundo tofauti), na kujua nani anageuka kuwa nani. Chora ramani moja: ethini (C₂H₄), ethani, ethanoli, asidi ya ethanoiki, na mishale yenye masharti juu yake. Ethanoli kuwa ethini, asidi ya salfa iliyokolea kwa nyuzi 170 hivi. Kila ukimaliza kuchora isoma, hesabu mikono ya kila kaboni. Kaboni yenye mikono mitano ni kosa linalojirudia kila mwaka na linaonekana kwa sekunde mbili.

Gesi ziweke kwenye jedwali moja: hutengenezwa kwa nini, hukaushwa kwa nini, hukusanywaje, hutambuliwaje. Amonia ni nyepesi kuliko hewa na ni besi, kwa hiyo hukaushwa kwa oksidi ya kalsiamu, kamwe siyo kwa asidi ya salfa. Michoro ichore kwa penseli, mistari laini, na usiache mrija ukiwa umezibwa na mstari wa kizibo. Gesi haitapita, na msahihishaji ataona.

Wiki tatu za mwisho

Sasa ni pepa nzima, mbili kwa wiki, kwa saa. Dakika 20 Sehemu A, dakika 15 kwa kila swali la Sehemu B, dakika 25 kwa kila swali la Sehemu C, na zinabaki 20 za kupitia. Ukikwama swali la B zaidi ya dakika hizo, ruka. Chagua maswali ya C baada ya kusoma yote matatu mpaka kipengele cha mwisho. Kuna mengi yanayoanza kwa ulaini na kuishia kwenye hesabu.

Kipindi hiki ndipo makundi ya WhatsApp hujaa "pepa zilizovuja". Toka kwenye makundi hayo. Nyingi ni pepa za mock zilizobadilishwa tarehe, na iliyovuja kweli itakufutia matokeo.

Siku mbili kabla, usifungue topiki mpya. Pitia daftari la makosa na jedwali la chumvi tu. Andaa penseli mbili, rula, ufutio, na kikokotozi kisicho na programu ambacho umeshakizoea.

Siku ya vitendo, ukiingia maabara, usiguse kitu kwanza. Soma swali zima. Hesabu vifaa vilivyo mezani kwako kulingana na orodha, na kama bureti inavuja au chupa haina lebo, nyoosha mkono hapo hapo, kabla hujaanza. Baada ya kuanza, muda unaopotea ni wako. Suuza bureti kwa myeyusho utakaojaza humo na pipeti kwa ule utakaonyonya, chupa ya koni isuuze kwa maji tu. Chora jedwali lako la matokeo likiwa tupu. Kisha fungua koki.